Kwaya Isiyojua Kuimba

Tangu nifike Louisville kuna jambo moja la jikoni lililonishinda kuelewa. Kule kwetu, juu ya vilima vya Kivu ya Kusini, maharage yalikuwa kazi ya siku nzima. Unayaweka motoni umande haujakauka, unakwenda shamba, unarudi, unaongeza kuni, na bado ukiyaminya kwa vidole yanakutazama tu. Hapa mtaani Beechmont nayaweka jikoni, nafua nguo za watoto, na kabla sijamaliza kuzianika yameiva.

Nimeuliza wengi. Mwanangu Muhoza alisema ni nguvu ya umeme. Jirani yetu mmoja alisema maharage ya Amerika ni laini kama watu wake. Lakini mgeni aliyetoka kwetu aliwahi kuniletea maharage yetu yenyewe, yale ya madoadoa, yamefungwa kwenye kitambaa, nayo yaliiva upesi vilevile. Basi umeme nilikuwa tayari kuukubali, lakini haukuniridhisha. Moto ni moto. Maji yakichemka yamechemka. Swali hilo naliacha hapo kwanza.

Mjukuu wangu Gisubizo, mtoto wa binti yangu Leya, alibaki kule. Tulipokimbia, Leya alikuwa ameshaolewa ng'ambo ya mto, njia zikatutenga. Sisi tukaishia kambini, na baada ya kambi tukaletwa Amerika. Wao walirudi kilimani mambo yalipotulia. Hayakutulia sana. Miaka hii ya karibuni vilima vile vimepata wenyewe wapya. Walikuja na bunduki, wakaweka kizuizi njiani, Kamanda wao akachukua nyumba ya mganga wa zahanati, wakaanza kutoa amri kama serikali. Sitawataja jina, maana wana masikio marefu.

Amri yao moja ilisema hivi: msichana akimaliza shule ya msingi, imemtosha. Sekondari ya wasichana waliigeuza malazi ya askari. Msichana akionekana njiani na vitabu, baba yake anaitwa. Akionekana tena, baba anafungwa. Kitu pekee ambacho hawakukigusa ni kanisa, kwa sababu hata wao mama zao waliwabeba mgongoni kwenda ibadani.

Kwa hiyo Gisubizo aliponiambia kwa simu kwamba ameingia kwaya ya wasichana, nilimshukuru Mungu. Nilisema, angalau mtoto ana mahali pa kwenda mchana. Mimi mwenyewe nilikuwa kiongozi wa sauti katika kwaya ya akina mama, kabla ya vita, na koo langu bado linakumbuka. Nikamwomba aniimbie kidogo.

Akasema ana mafua.

Wiki iliyofuata nikamwomba tena. Akasema mtandao ni mbaya. Mara nyingine mama yake alikuwa amelala, mara nyingine mbuzi walikuwa wameingia shambani. Mimi nikakaa na jambo hilo. Mtoto wa kwaya humwombi aimbe, unamwomba anyamaze. Anaimba akichota maji, anaimba akioga, anaimba mpaka baba yake anatoka nje. Huyu wangu alikuwa kwenye kwaya karibu mwaka mzima na sijawahi kumsikia hata akivuma kwa pua.

Siku moja nikamuuliza ni nani anayewafundisha sauti. Akasema, akiniita bibi kwa namna ya kwetu, "Mwalimu Emérence, Koko. Anatufundisha kwa simu, kutoka huko kwenu."

Hapo nikajua kuna kitu.

Emérence namfahamu tangu akiwa msichana. Alikuwa mwalimu wa sekondari ile ile iliyofungwa, mwanamke mwenye akili na moyo, ambaye sasa anaishi Hilliard, pale Columbus, na jioni anafunga maboksi kwenye bohari. Kila mtu wa vilima vyetu anajua mambo mawili juu yake. La kwanza, hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake akabaki mjinga. La pili, hajui kuimba. Hata kidogo. Kanisani watu walikuwa wanampenda, wanamsalimia, kisha wanakwenda kukaa benchi la mbali. Mchungaji wetu wa zamani, mtu mpole sana, alimpa kazi ya kupokea wageni mlangoni ili wakati wa nyimbo awe nje.

Nikampigia asubuhi, maana najua anarudi kazini usiku na anaamka mapema.

"Mwalimu, nasikia unafundisha kwaya."

"Ndiyo, Mama Muhoza."

"Unafundisha sauti ya ngapi?"

Alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, wewe unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza."

Basi akanieleza. Wasichana wanakuja kanisani mchana wakiwa na vitabu vya nyimbo, wamejitanda vikwembe, vile vitenge vya kwetu. Wanafunga mlango, kwa sababu kwaya yoyote hufunga mlango ikifanya mazoezi. Katikati wanaweka simu ya mchungaji, inayochajiwa kwa jua. Saa nane mchana kwao, huku kwetu ni saa mbili asubuhi, Emérence anakaa kwenye meza yake ya kulia Hilliard na kuwafundisha hesabu, fizikia, Kifaransa. Mtandao ukigoma, anawatumia masomo kwa ujumbe wa sauti. Sauti ya kwanza ni wale wa darasa la chini. Sauti ya nne ni wale wa mwaka wa mwisho, na Gisubizo ni wa sauti ya nne. Kilichobaki kwake ni mtihani wa serikali, ule tunaouita Exetat. Unafanyika chini, mjini, kando ya ziwa, ambako wale watu hawajafika. Darasa likidumu mpaka wakati huo, na akipata ruhusa ya kupita kizuizini, ataufanya. Likivunjika kabla, basi.

"Nakuomba kitu kimoja, Mama," akasema Emérence. "Usimwambie mtu. Hata kwenye maombi, donc, hasa kwenye maombi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwetu siri haiuawi na umbea, inauawa na maombi. Kila Jumamosi asubuhi tunaungana kwa simu, sisi wa Louisville, wale wa Columbus, wale wa Buffalo na wengine waliotawanyika. Mtu anasema, wapendwa, tumwombee fulani ambaye ana shida hii na hii, na shida hiyo ilitokana na hivi na hivi. Tukifika kwenye amina hakuna kilichobaki chini ya kitanda. Kisha mazungumzo yanarekodiwa na kutumwa kwa wale waliokuwa kazini, nao wanawatumia ndugu zao kule. Nikaahidi kunyamaza. Nilipofunga simu niligundua nimefurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

Jambo likaharibika kwa sababu ya mtu mwema.

Buffalo tuna mzee wa kanisa anayeitwa Ezéchias. Ana duka mtaa wa Grant, anauza unga, samaki wakavu, mawese na vikwembe. Mkimbizi mpya akifika Buffalo wakati wa theluji, Mzee Ezéchias anamtafutia koti kabla hajamuuliza jina. Mimi mwenyewe aliwahi kunitumia mawese kwa basi baada ya kusikia nimeugua. Basi mzee huyu alisikia kwamba kule vilimani, katikati ya shida yote ile, kuna wasichana wanaojifungia kanisani siku nyingi za juma kufanya mazoezi ya kwaya. Moyo ukamjaa. Jumamosi moja kwenye maombi akasema, "Wapendwa, watoto wale wanamtukuza Mungu bila sare. Sisi tunavaa na kushiba. Tuwavike."

Watu wote wakasema amina. Nilijua Emérence alikuwa kwenye simu, na Emérence alijua nami nipo, na hakuna aliyeweza kusema neno. Ungepingaje? Ungesema nini, kwamba kwaya haistahili nguo?

Kila mtu akachanga. Mzee Ezéchias akachagua kikwembe yeye mwenyewe, cha buluu chenye ndege weupe, akakikabidhi kwa msafiri. Na sisi tuna desturi, wala sijui kabila la kwetu lisilo nayo: kwaya ikivikwa, lazima sare izinduliwe. Waliotoa nguo wanataka kuona watoto wamesimama mistari miwili, wameivaa, wanaimba. Mzee akaomba atumiwe video.

Vikwembe vilifika kizuizini. Askari wakafungua mzigo, wakauliza ni vya nani. Habari ikafika kwa Kamanda kwamba Amerika imevika kwaya ya wasichana wa kilima chake. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika, akachukua vitambaa, jambo likaisha. Alifurahi. Alikuwa anangoja mgeni, mkubwa wake kutoka mbali, akasema, vizuri sana, kwaya hiyo itaimba siku ya mgeni.

Gisubizo alinipigia nikiwa nachambua mchicha. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Koko, hatujue wimbo hata moja."

Nikamwambia anajua nyimbo, amezaliwa kanisani.

"Tunajua za kitabu. Zile kila mtu anaimba."

Nikaelewa. Nyimbo za kitabu ni za waumini wote, unaimba sauti moja pamoja na bibi wa pembeni na mtoto anayelia. Kwaya ina nyimbo zake, sauti nne zinazopishana, hatua za miguu, mahali pa kugeuka, mahali pa kupiga makofi. Askari wale walikulia kwenye mabenchi. Baadhi yao waliwahi kuimba besi. Wasichana waliojifungia mwaka mzima wakitokea na wimbo wa kitabu, sauti moja kama kundi la msibani, mtu yeyote atajiuliza: basi walikuwa wanafanya nini humo ndani?

"Mchungaji anasema nini?"

"Mchungaji anasema nikuulize wewe."

Nikaacha mchicha.

Nilichagua wimbo tuliokuwa tunauimba sisi akina mama wakati wa mavuno, juu ya mwenye kupanda akilia na kurudi na miganda. Hauna maneno mengi, na una mdundo unaobeba hata mtu mzito. Nilidhani nitawaimbia kwa simu waitikie. Haikuwezekana. Sauti inakwenda Kivu na kurudi kwa kuchelewa, kwa hiyo mimi nikimaliza mstari, wao wanaanza, na yao inanifikia wakati nimeshaanza mwingine. Ilikuwa kama watu wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili.

Mjukuu wangu wa hapa, Aline, ndiye aliyepata njia. Aline ananijibu kwa Kiingereza mara nyingi, nami namjibu kwa Kiswahili, tunaelewana. Alikuwa kwenye likizo. Alinisikia nikihangaika sebuleni, akatoa vile vitu vyake vya masikioni, akaniweka chumbani kwenye kabati la nguo, akafunga mlango, akasema niimbe sauti ya kwanza peke yake mwanzo hadi mwisho, naye anirekodi kwa simu. Kisha ya pili. Alinipa sauti yangu mwenyewe masikioni ili nipishane nayo. Nilisimama katikati ya makoti, nikaimba na nafsi yangu sauti ya tatu, na ya nne nikaiimba kwa kifua mpaka Aline akacheka nyuma ya mlango. Tukatuma kila sauti peke yake, kila kundi lijifunze lake. Baadaye Aline aliniuliza, kwa Kiswahili safari hii, wale wasichana wana umri gani. Nikamwambia mkubwa ni kama yeye. Kesho yake aliamka kabla yangu, akaweka simu tayari mezani.

Tukapatana na Emérence tugawane saa. Nilidhani, kwa hali ilivyokuwa, wimbo utatangulia na masomo yatangoja. Emérence naye alidhani hivyo. Wasichana wakakataa. Gisubizo ndiye aliyesema, na kwa nyuma niliwasikia wenzake wakimuunga mkono: "Bon, somo kwanza, kisha wimbo. Tukikatazwa keshokutwa, somo ya leo hawataitoa tena kichwani."

Kwa hiyo kila asubuhi ya mazoezi nikawa nakaa kwenye simu nikingoja zamu yangu, na katika kungoja nikawa nasikiliza. Mimi nilisoma madarasa machache tu, barua naandika, Biblia nasoma. Sikujua kwamba hewa ina uzito. Emérence aliwaambia hewa inatukandamiza sisi sote, vichwani, mabegani, hata juu ya maji kwenye sufuria, lakini kwa kuwa tumezaliwa chini yake hatuisikii. Nikajitazama mabega. Akasema juu ya mlima hewa ni nyembamba kuliko bondeni. Kisha, kama kawaida yake, akawaachia swali la kufikiri hadi somo lingine: "Kwa nini chakula kinachelewa kuiva huko kwenu kilimani?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini polepole.

Nilitaka kumkatiza nimuulize hapo hapo. Lakini zamu yangu ilikuwa imefika, na siku ya mgeni ilikuwa karibu, na sauti ya tatu ilikuwa mbaya. Sauti ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu haina utamu wake peke yake. Watoto wale walikuwa wanaanza vizuri, kisha wanaisikia ya kwanza, wanaifuata kama ndama.

Kulikuwa bado na Mzee Ezéchias. Alikuwa ananiandikia kila baada ya siku chache akiuliza video, watu wa Buffalo wanaingoja, ataionyesha kanisani, ataituma kila mahali. Nikaona kumficha ni hatari kuliko kumwambia. Nilimpa Emérence wazo hilo, akafikiri, akakubali. Nikampigia dukani. Nilisikia mteja akiuliza bei ya unga, nikamwambia mzee amalize na mteja kwanza. Kisha nikamweleza yote, taratibu, jinsi ambavyo ningetaka mimi kuelezwa.

Nilimsikia akifunga mlango wa duka.

"Mama Muhoza," akasema, "nilitaka kuwavika, kumbe nimewavua."

Nikamwambia hapana. Nikamkumbusha mawese. Nikamwambia mtu asiyejua hawezi kulaumiwa kwa kuwa na mkono wazi. Akauliza afanye nini. Nikamwambia asiombe video, na asiombe maombi. Hilo la pili lilimuuma. Jumamosi iliyofuata, alipofika mahali pa kutaja mahitaji, alisema tu, "Tuwaombee walioko safarini," akapita. Mtu mmoja wa Columbus akamtania kwamba mzee leo amekuwa mfupi, labda duka linamngoja. Akacheka, akapokea utani. Nikaona ni zawadi kubwa kuliko vikwembe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Huku tulikuwa kanisani. Aline alikaa karibu nami na simu mapajani, kitu ambacho kwa kawaida simruhusu. Emérence alikuwa Hilliard, hakuweza kwenda popote. Hatukupata neno ibada nzima, wala tulipokuwa kwenye basi la kurudi nyumbani. Nilipika, sijui nilipika nini. Ujumbe wa Gisubizo uliingia wakati wa kuosha vyombo, mrefu, na Aline akauweka kwa sauti.

Walisimama uwanjani mbele ya zahanati, mistari miwili, ndege weupe juu ya buluu. Mgeni alikaa kwenye kiti cha kanisa. Walianza vizuri. Miguu ilikwenda pamoja. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Kwenye wa pili sauti ya tatu ikaifuata ya kwanza, ya pili ikababaika ikaifuata ya tatu, na sauti ya nne, ambayo Gisubizo alikuwa anaiongoza, ikabaki peke yake kama mtu aliyeachwa na wenzake mtoni. Hawakusimama. Nilikuwa nimewaambia, lolote likitokea msisimame. Kila sauti ilimaliza wimbo kwa wakati wake. Ya mwisho kumaliza ilikuwa ya tatu.

"Mgeni akamwangalia Kamanda," Gisubizo alisema kwenye ujumbe. "Koko, Kamanda akaangalia viatu vyake."

Kisha Kamanda akasimama. Walidhani ndiyo mwisho. Akamuuliza mchungaji, mbele ya watu wote, kama hii ndiyo kwaya ambayo Amerika imeivika. Mchungaji akasema ndiyo. Kamanda akasema kwaya hii imemwaibisha. Akasema hata kwaya ya jeshi ina besi nzuri kuliko hii. Akasema mara kadhaa kwa juma haitoshi kwa watu wasiojua kuimba namna hii, na kuanzia kesho watafanya mazoezi kila siku, kutoka mchana hadi jioni, mpaka mgeni atakaporudi kwenye sikukuu. Na mzazi atakayemzuia binti yake nyumbani kwa sababu ya shamba atakuja kumweleza yeye.

Aline alisimamisha ujumbe. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nami nilikuwa nimekaa, bila kuangalia, juu ya kiti kilicholoa maji ya vyombo.

"Every day?" akasema.

"Kila siku," nikamwambia.

Ulipoendelea, Gisubizo alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mchungaji alikuwa amewaambia baadaye, mlango umefungwa, kwamba kama wasingekuwa na wimbo wangejulikana, na kama wangeimba vizuri wangepelekwa kuimba kila karamu ya askari. "Amesema kwaya mbaya iko kwaya tu, Koko. Amesema tumshukuru Mungu kwa sauti ya tatu."

Nilimpigia Emérence. Akaanza hapo hapo kupanga masomo ya juma zima. Nilipompigia Mzee Ezéchias, aliniuliza mara tatu kama kweli hawakuimba vizuri, kama mtu anayeogopa kuamini.

Tangu hapo nimekuwa na kazi. Asubuhi nikimaliza kuwapikia watoto uji nakaa kwenye simu, nasikiliza somo, kisha nafundisha wimbo, maana sikukuu itafika na lazima wawe wamesonga mbele kidogo. Kidogo tu. Nimemwambia Gisubizo wasikimbie. Wakati mwingine wananiacha na maswali ambayo nayabeba hadi sokoni. Lakini swali langu la maharage lilinipita. Siku Emérence alipotoa jibu, nilikuwa nimempeleka mtoto mdogo kliniki. Nilipomuuliza Gisubizo, akakataa kunijibu.

"Jibu niko nalo," akasema. "Lakini nimelisikia tu. Nataka kuliona kwanza."

Mtihani ulipokaribia, mchungaji alikwenda kwa Kamanda. Alisema sauti ya nne haina mwalimu kilimani, na chini kando ya ziwa kuna kwaya kubwa yenye walimu wazuri. Aliomba wasichana wakubwa wateremke wakajifunze. Kamanda alikumbuka siku ya mgeni. Alitoa ruhusa yeye mwenyewe, akasema wasirudi mpaka wawe wanajua. Walipita kizuizini mchana kweupe, wamevaa buluu. Gisubizo anasema askari mmoja aliwafungulia kamba, akawaambia wakazane.

Hatujui matokeo. Yatakuja wakati wake, na mtoto amefanya alichoweza. Lakini jioni ya mtihani wa mwisho, huku ikiwa mchana, alinipigia kwa video kutoka kwenye nyumba ya ndugu wa kanisa waliowapokea. Nyuma yake nililiona ziwa, na karibu kulikuwa na sufuria juu ya mafiga matatu. Ndani yake kulikuwa na maharage ya madoadoa. Aliyabeba kutoka nyumbani, kwenye kitambaa, pamoja na kuni za kwao, kwa sababu hakutaka mtu amwambie tofauti ni kuni.

"Koko, angalia," akasema. Akachota moja, akaliminya mbele ya kamera. Likapasuka. "Nimeyaweka nikitoka kuoga. Yameiva."

Akanieleza. Chini hewa ni nzito, inayakandamiza maji, kwa hiyo maji yanasubiri kupata joto kali ndipo yachemke. Juu kilimani hewa ni nyembamba, maji yanachemka upesi kabla ya kuwa na moto wa kutosha, na yakishachemka hayaongezi joto, hata ulete kuni za msitu mzima. Yanaruka na kutoa povu, lakini maharage hayaoni kitu. Na Louisville, akasema, ameangalia kwenye ramani, iko chini hata kuliko ziwa.

Nilimwomba alirudie jibu hilo. Akalirudia. Nilimfikiria mama yangu, na mama yake, wamechuchumaa mbele ya moto wakiyalaumu maharage, na wakati mwingine kulaumiana.

"Basi hayakuwa makosa yetu," nikasema.

"Hapana, Koko. Ilikuwa hewa."

Akazima moto, akaita wenzake waje kula. Nilisikia vijiko. Kisha mmoja wao akaanza wimbo wetu wa mavuno, taratibu, na wengine wakaingia. Sauti ya tatu ilikuwa bado inapotea. Nilikaa nikaisikiliza mpaka mwisho.